Einstein Alijaza Fomu ya Ualimu

Kila nikisema nasoma elimu, masomo yangu Fizikia na Hisabati, swali linalofuata ni lile lile: kwani uhandisi ulikosa? Watu wanaamini ualimu mtu hauchagui, anapangiwa. Basi nawaletea mwenzetu mmoja aliyeuchagua mwenyewe, wakati nyumbani walitaka awe injinia.

Albert Einstein alizaliwa Ulm, Ujerumani, tarehe 14 Machi 1879. Baba yake, Hermann, na baba yake mdogo, Jakob, walikuwa na kiwanda cha vifaa vya umeme Munich. Jakob ndiye aliyekuwa injinia, Hermann alishika biashara. Kijana amekulia katikati ya dainamo, kwa hiyo uhandisi wa umeme ulikuwa kama urithi unaomsubiri. Mwaka 1894 mambo ya kiwanda yaliharibika, familia ikahamia Italia, lakini mzee hakubadili wazo: mtoto asome kitu kitakachomlisha.

Mwaka 1895, akiwa na miaka 16, miwili pungufu ya umri uliotakiwa, Einstein alifanya mtihani wa kuingia Politekniki ya Zürich, Uswisi. Hisabati na fizikia aling'ara, masomo mengine yakamwangusha. (Ile habari kwamba alifeli hesabu ni ya vijiweni tu.) Ikabidi akamalizie sekondari mji wa Aarau.

Huko Aarau ndiko kwenye jambo lenyewe. Septemba 1896, mtihani wa mwisho wa Kifaransa, somo lililomtesa kweli kweli, ulimtaka aandike insha kuhusu mipango yake ya baadaye. Akaandika kwamba angependa kwenda Zürich kusoma hisabati na fizikia, aje kuwa mwalimu wa sayansi upande wa nadharia. Sababu zake hazina majivuno hata kidogo: akili yake inavutwa na mambo ya kufikirika na ya hesabu, na kwenye kazi za vitendo anajiona hana kipaji. Akaongeza kwamba kazi ya sayansi humwachia mtu uhuru wake. Miaka 17! Sisi siku za kujaza machaguo tuliangalia pointi, mkopo na wenzetu wameomba wapi. Nani aliandika kitu asichokiweza?

Oktoba hiyo akaingia Politekniki, idara ya kuandaa walimu wa hisabati na fizikia. Bumu lake lilikuwa faranga 100 kwa mwezi, kutoka kwa ndugu wa mama yake waliokuwa Genoa. Asikudanganye mtu kwamba alikuwa mwanafunzi wa mfano. Vipindi vya hisabati alivitega sana, mtihani ukikaribia anategemea madesa ya rafiki yake Marcel Grossmann. Somo moja la vitendo vya fizikia alipewa 1, alama ya chini kabisa, pamoja na onyo la uvivu. Mwaka 1900 walifika mtihani wa mwisho watano, yeye akawa wa nne, wastani 4.91 kati ya 6. Wa tano alikuwa Mileva Marić, mwanamke pekee kati yao na baadaye mke wake. Yeye hakufaulu, na kwangu hiyo ni habari inayostahili makala yake.

Baada ya hapo, mtaani. Wenzake walipata kazi za usaidizi chuoni, yeye akaandikia maprofesa wa nchi mbalimbali bila mafanikio. Mwaka 1901 alishikilia nafasi ya mwalimu kwa miezi miwili Winterthur, kisha akafundisha Schaffhausen. Akiwa Bern akatangaza twisheni gazetini. Mzee Hermann alifariki mwaka 1902, miezi michache tu baada ya mwanawe kupata ajira ya kueleweka: ofisi ya hataza Bern, faranga 3,500 kwa mwaka, mchongo uliopitia kwa baba yake Grossmann. Kazi yenyewe? Kukagua michoro ya mitambo, mingi ya umeme. Yaani mambo ya kiwandani kwao ndiyo yaliyomlisha, na usiku akarudi kwenye fizikia yake. Mwaka 1905 akatoa makala zilizoibadilisha fizikia yote.

Mwaka 1912 alirudi Politekniki akiwa profesa. Nadharia yake mpya ya mvutano ilihitaji jiometri ngumu ambayo hakuwa nayo. Akaenda kumwona profesa wa jiometri wa hapo chuoni, Marcel Grossmann.