Ardeola idae: Ida Alikuwa Nani?

Sisi tuliokulia Tunduma tulijua korongo mkubwa na korongo mdogo, basi. Chuoni ndiyo tukaambiwa tukariri Kilatini chao, tukakariri kama kasuku, mtihani ukaisha tukasahau. Kumbe majina yenyewe ni mepesi. Ardea ni korongo. Ardeola, korongo mdogo. Cinerea, wa rangi ya majivu. Yule mkubwa kabisa wa Ziwa Rukwa ni goliath, jitu la kwenye Biblia. Hapo hata kamusi huhitaji.

Lakini idae? Si rangi wala umbo. Maana yake ni "wa Ida", na ile -ae ya mwisho inakuambia Ida ni mwanamke.

Ida Pfeiffer alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1797. Mumewe, mwanasheria, alifichua rushwa ya maofisa wa serikali, kazi ikaota mbawa, Ida akalea wanawe wawili kwa kufundisha muziki na uchoraji. Mwaka 1842, watoto wameshakuwa wakubwa, mama huyu wa miaka 44 akaaga kwamba anakwenda Constantinople kumtembelea rafiki. Kumbe safari ni ya Yerusalemu na Misri! Baadaye akaizunguka dunia mara mbili kwa hela za kuungaunga, akiuza vitabu vyake na wadudu na mimea aliyokusanya. Digrii hakuwa nayo. Chama cha jiografia cha Berlin kilimpa uanachama wa heshima. Cha London hakikupokea wanawake.

Mwaka 1857 akafika Madagaska. Mfaransa Lambert, aliyefuatana naye, alikuwa kwenye njama ya kumpindua Malkia Ranavalona wa Kwanza. Njama ikavuja, wakafukuzwa wote. Askari waliwashusha pwani polepole makusudi, zaidi ya siku 50 kupitia mabonde yenye homa, na Ida alikuwa mgonjwa tayari. Hakupona. Alifia Vienna, Oktoba 1858.

Mwaka 1860 Gustav Hartlaub, mtaalamu wa ndege wa Ujerumani, akampa korongo mdogo wa Madagaska jina la Ida. Ndege huyo huzaliana kule akiwa mweupe pe. Kuanzia Mei hivi huvuka bahari kuja Afrika Mashariki, kavaa kahawia. Wamebaki wachache, wako kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Mimi mama yangu huvuka kwenda Nakonde na mzigo karibu kila siku. Hilo jina sijalikosea tena kwenye mtihani.