Andrew Still, Tabibu Aliyetegemea Mikono

Mnamo mwaka 1864, huko Kansas nchini Marekani, homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwa tabibu Andrew Taylor Still. Matabibu wenzake wakaitwa, dawa zikatolewa, dua zikaombwa. Watoto watatu wakafariki. Msiba huo ndio uliomgeuza bwana huyu.

Still alizaliwa tarehe 6 Agosti 1828 katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mhubiri na tabibu, naye kijana akajifunza kazi kwa kuandamana naye kwa wagonjwa. Yasimuliwa kuwa utotoni alipoumwa na kichwa, alifunga kamba baina ya miti miwili, karibu na ardhi, akaitandika blanketi na kuilaza shingo juu yake. Usingizi ukamchukua, na alipoamka maumivu yameondoka.

Zama hizo matabibu wengi walitibu kwa zebaki, afyuni na pombe, na mara nyingi dawa ikadhuru kuliko maradhi. Baada ya kuwazika wanawe, Still alizipa dawa mgongo, akakaa kuichunguza mifupa ya binadamu mmoja mmoja. Mwezi Juni 1874 alitangaza imani yake: Muumba ameuwekea mwili uwezo wa kujiponya, na kazi ya tabibu ni kuondoa kizuizi kwa mikono. Elimu hiyo akaiita osteopathi.

Watu walimcheka. Chuo cha Baker, ambacho jamaa zake walisaidia kukianzisha, kilimkatalia kufundisha. Akahamia Missouri, na mwaka 1892 akafungua shule yake mjini Kirksville, iliyowapokea wanawake tangu darasa la kwanza. Alifariki tarehe 12 Desemba 1917, akiwa na miaka 89.

Katika elimu hiyo mbavu zina nafasi kubwa. Mwanadamu ana jozi 12 za mbavu, nazo husogea kila avutapo pumzi. Ubavu ukikaza, pumzi nayo huuma. Miaka mingi baada ya Still, mfuasi wa njia yake, Fred Mitchell, aliyefariki mwaka 1974, alipanga namna ya kutibu kwa nguvu za mgonjwa mwenyewe. Tuseme ubavu wa kwanza, ulio chini ya shingo, haupandi sawasawa. Mgonjwa hulala chali, huvuta pumzi, kisha hujaribu kuinua kichwa huku mkono wa tabibu ukikizuia. Misuli ya shingo iliyoshikana na ubavu hujikaza na kuuvuta juu. Baada ya sekunde 3 hadi 5 hulegezwa, kisha hurudiwa mara chache. Hapana kuvunja wala kushtua.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, uchungu ulimpeleka Still mbali mno. Alizikataa takriban dawa zote, na waliomfuata ilibidi wazirudie. Leo matabibu wa osteopathi nchini Marekani huandika dawa na kupasua kama wenzao. Nayo maumivu ya kifua yaweza kuwa ya moyo, ya mapafu au ya ubavu uliovunjika. Basi hospitali kwanza, kukandwa baadaye.

Mikono ina elimu yake, na dawa ina yake. Mwenye busara haitupi mojawapo.