Papwa: bingwa aliyepewa kikombe kwenye mvua

Wadau, kila nikisikia mtu anasema michezo haina siasa, namkumbuka marehemu Sewsunker "Papwa" Sewgolum, mcheza gofu Mhindi wa Afrika Kusini. Jamaa alianza kwa kubebea wachezaji fimbo kule Durban. Fimbo aliishika kinyume na wengine, mkono wa kushoto chini ya wa kulia, na bado akabeba Dutch Open 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open, ila kwa kuwa si mzungu akakabidhiwa kikombe nje, mvua inanyesha, wazungu wako ndani ya klabu. 1965 akambwaga Gary Player. Baadaye makaburu wakamfungia mashindano, pasipoti wakachukua. Alifariki 1978, maskini. Mimi mvua ile hainitoki kichwani. Nyie je?