Dian Fossey: Mpanda farasi aliyepanda Mikeno mguu ukimuuma

Kwa wakaaji wa Goma, mlima Mikeno ni jirani. Mawingu yakiondoka, kilele chake huonekana upande wa kaskazini mashariki. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, Dian Fossey, aliupanda huku kifundo cha mguu kikimuuma, na safari hiyo iligeuza maisha yake yote.

Fossey alizaliwa San Francisco tarehe 16 Januari 1932. Tangu utotoni alipanda farasi. Baadaye alisomea kazi ya kuwasaidia wagonjwa kurudia kutumia viungo vyao, akahitimu mwaka 1954. Alifanya kazi hiyo Louisville, katika jimbo la Kentucky lenye sifa ya farasi, kwenye hospitali ya watoto wenye ulemavu.

Mwaka 1963 alichukua mkopo ili aione Afrika. Huko Olduvai, Tanganyika, alikomtembelea mtafiti Louis Leakey, aliteleza kwenye machimbo na kuumia kifundo cha mguu. Wengi wangekatisha safari. Yeye, takriban wiki mbili baadaye, alipanda Mikeno akiegemea fimbo, wapagazi wakimbebea mizigo, hadi Kabara, zaidi ya mita 3,000 juu. Sanwekwe, Mkongomani aliyejua kusoma nyayo na majani yaliyovunjika, ndiye aliyemwongoza hadi akawaona sokwe wa milimani kwa mara ya kwanza.

Alirudi Louisville kulipa deni lake. Mwaka 1966 Leakey alimpa kazi ya kuwachunguza sokwe hao, akamwambia kwanza atolewe kidole tumbo. Fossey alifanyiwa upasuaji. Kisha barua ya Leakey ikamfikia: upasuaji haukuwa wa lazima, alitaka tu kupima nia yake.

Januari 1967 alirudi Kabara na kuanza kazi, tena akiwa na Sanwekwe. Haikudumu. Mwezi Julai, mashariki mwa Kongo ilipotikiswa na uasi wa mamluki, askari walimteremsha mlimani na kumzuilia Rumangabo. Aliwaahidi pesa, wakamsindikiza hadi Kisoro, Uganda, na huko akaponyoka. Tarehe 24 Septemba 1967 alianzisha kituo cha Karisoke upande wa Rwanda, kati ya Karisimbi na Visoke.

Huko aliishi miaka mingi na kuwazoeza sokwe kuwa karibu na binadamu. Wawindaji haramu walipomuua Digit, sokwe aliyempenda sana, mwishoni mwa 1977, ukali wake ulizidi. Alilaumiwa kwa namna alivyowatendea wawindaji na wanavijiji wa jirani, na lawama hizo ni sehemu ya historia yake. Aliuawa nyumbani kwake Karisoke mwishoni mwa Desemba 1985, akazikwa karibu na Digit.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sokwe wa milima ya Virunga walikuwa takriban 250. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604. Fossey anakumbukwa kwa hilo, lakini bila wapagazi na Sanwekwe, mguu ule ulioumia usingefika Kabara. Hadi leo kazi ya kuwalinda sokwe imo mikononi mwa watu wa huku, na katika hifadhi ya Virunga walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kupoteza maisha.