Greenwood: Mtaalamu aliyewatambulisha fulu wa Ziwa Victoria

WAFUGAJI wa samaki wa mapambo ng'ambo humthamini sana fulu mmoja mwenye rangi nyekundu, manjano na buluu. Aliyemwelezea kisayansi mwaka wa 1966 ni Peter Humphry Greenwood.

Greenwood alizaliwa Uingereza mwaka wa 1927 na kusomea Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki mjini Jinja, Uganda. Baadaye alihamia jumba la makumbusho ya viumbe jijini London, lakini hakuwasahau fulu wa Ziwa Victoria. Alichunguza meno na mafuvu yao, akabainisha nani hula konokono, nani hula makinda ya wenzake na nani hula majani.

Alipofariki mwaka wa 1995, mbuta walioingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wamewaangamiza fulu wengi aliowachunguza.

Hata hivyo, yule wa 1966 alisalimika katika Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya, kusini magharibi mwa Mayoni, Kakamega. Anayemfuga kwenye tangi la kioo yafaa aweke dume mmoja na majike kadhaa, kwani madume hupigana vikali. Jike huatamia mayai kinywani, hivyo asisumbuliwe. Muhimu zaidi, asichanganywe na fulu wengine: wakizaana, mbegu aliyoitambulisha Greenwood itapotea hata tangini.