JAMES CHAPIN NA UNYOYA WA AVAKUBI

Katika namba hii tunawaletea maisha ya mtu aliyejua ndege wa inchi yetu kupita wengi kati yetu tuliozaliwa humu. Jina lake James Paul Chapin.

Alizaliwa mwaka 1889 kule New York, Marekani. Tangu utoto alipenda sana kuangalia ndege na nyama wa pori. Mwaka 1909, akiwa na miaka 19 tu, ni kusema karibu umri wetu sisi wakubwa hapa masomoni, makumbusho ya New York yalimtuma Kongo pamoja na Herbert Lang. Alirudi kwao mwaka 1915. Miaka hiyo yote walitembea kwa miguu mu pori la Ituri na upande wa Uele, na wapagazi wengi. Watu wa vijiji ndio waliowaonyesha njia na mahali nyama wanapokaa.

Kazi ya kutambua ndege iko namna gani? Si kusema tu: huyu mwekundu, yule mweusi, basi. Rangi peke yake inadanganya, maana mara nyingi jike hafanani na dume, na mtoto hafanani na mzazi. Tunapaswa kuangalia mdomo: mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu, uliopindika ni wa kupasua nyama. Tena miguu, mkia, sauti, chakula, na fasi anapopenda kukaa. Chapin alifanya hayo yote, akiandika na kuchora.

Mwaka 1913, kule Avakubi, aliona unyoya katika kofia ya mtu mmoja. Ulikuwa wa rangi ya kahawia yenye wekundu, na mistari myeusi. Aliufananisha na ndege wote aliowajua: hakuna. Mwingine angeutupa. Yeye aliulinda miaka 23.

Mwaka 1936 alikwenda Tervuren, Ubelgiji, juu ya kazi ya kitabu chake. Ndani ya makumbusho, juu ya kabati, akakuta ndege wawili waliokaushwa. Kibandiko kilisema ni tausi wa Uhindi, wadogo bado, walioletwa Kongo kutoka ngambo. Watu walisoma kibandiko, wakapita. Chapin aliangalia ndege mwenyewe. Kumbe, bawa la jike lilikuwa na mistari ile ile ya unyoya wa Avakubi! Hawa hawakuwa wa Uhindi hata kidogo. Ni tausi wa Kongo, na Chapin akampa jina la elimu, Afropavo congensis. Mwaka 1937 alirudi huku, na kwa msaada wa wawindaji akapata ndege wengine wa namna ile.

Dume ni wa buluu na kijani, na nywele nyeupe juu ya kichwa. Jike ni wa kahawia na kijani. Hana mkia mrefu sawa ndugu yake wa Uhindi. Anatembea chini mu pori, anakula matunda na wadudu, na usiku dume na jike wanaitikiana kwa sauti kubwa.

Chapin aliandika vitabu vinne juu ya ndege wa Kongo, tangu 1932 mpaka 1954. Alikufa mwaka 1964.

Ndugu, tufikiri kidogo. Mwenye kofia ile na wawindaji wenzake walimjua ndege huyu tangu zamani, lakini hakuna aliyeandika. Wenye elimu waliandika, lakini waliandika vibaya. Leo tausi huyu, ambaye haishi katika inchi nyingine yoyote, anapunguka juu ya mitego na kukatwa kwa pori. Biblia inasema mfalme Solomono alijua kunena habari za ndege. Na sisi je? Wakati wa likizo tuulize wazee majina ya ndege wa kwetu, sauti zao na desturi zao, na tuandike mu daftari. Mzee akilala kaburini na majina yale, hakuna kabati ya Ulaya itakayoturudishia.