Maisha ya Bibi Ada Lovelace

Katika sehemu hii ya Kiswahili wengi huandika habari za wafalme, wasafiri na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua mwanamke wa Uingereza aliyefariki mwaka 1852, kwa sababu vijana ninaowafundisha kompyuta hapa kwetu huniuliza kila muhula swali moja, na maisha ya bibi huyu hulijibu vizuri kuliko niwezavyo mimi.

Swali lenyewe ni hili. Kompyuta tulizo nazo ni ndogo na za zamani. Hazina picha za kubonyeza. Zina sheli tu, yaani programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa herufi, mstari baada ya mstari. Tena sheli hiyo si ile kubwa. Ni ile ya BusyBox, mkusanyo wa programu ndogo ulioanzishwa na Bwana Bruce Perens mwaka 1995 ili utoshe katika disketi moja. Ili mkusanyo huo ubaki mdogo, mambo mengi yameachwa nje. Sheli kubwa huweza kuambiwa kwa alama chache ihesabu toka 1 hadi 12. Hii ya kwetu haizielewi alama hizo. Basi vijana huuliza: je, mtu aweza kujifunza kazi ya maana kwa chombo kinyonge namna hii?

Sasa sikilizeni habari za Bibi Ada.

Alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake alikuwa Lord Byron, mshairi aliyejulikana Ulaya nzima. Mama yake, Annabella, alipenda hesabu. Ndoa yao haikudumu. Ada alikuwa na mwezi mmoja tu mama yake alipomchukua na kuondoka, na mwaka huohuo wa 1816 baba aliiacha Uingereza asirudi tena. Alifia Ugiriki mwaka 1824, naye Ada hakumjua baba yake kwa macho.

Mama aliogopa mtoto asije akafuata tabia za baba. Kwa hiyo alimwekea walimu wa hesabu tangu utotoni, akidhani kwamba hesabu ingemtuliza roho. Lakini damu ni nzito kuliko maji. Mtoto alijifunza hesabu, na ndoto zake hakuziacha. Alipokuwa na miaka 12 alitaka kutengeneza mabawa ili aruke, akachunguza jinsi ndege walivyoumbwa. Mwaka 1829 alishikwa na surua, ikamwacha hawezi kutembea. Ikapita miaka kabla ya kupata nguvu, na kwanza alitembea kwa magongo. Siku zile zote alisoma.

Siku zile vyuo vikuu vya Uingereza havikupokea wanawake. Hata binti wa lodi ilimpasa kujifunza nyumbani, kwa walimu binafsi na kwa barua. Mmoja wa waliomsaidia alikuwa Bibi Mary Somerville, mtaalamu wa sayansi kutoka Scotland. Baadaye, tangu mwaka 1840, alifundishwa hesabu za juu na Bwana Augustus De Morgan.

Mwezi wa Juni 1833, akiwa na miaka 17, Ada alikutana na Bwana Charles Babbage. Bwana huyu alikuwa akitengeneza mashini ya magurudumu ya shaba ya kupiga hesabu. Serikali ilikuwa imempa fedha nyingi, ambazo mwishowe zilizidi pauni 17,000, na mashini haikumalizika. Wageni wengi walikitazama kipande kilichokuwa tayari kama mtoto atazamavyo saa. Ada alitaka kujua kinafanyaje kazi.

Mwaka 1835 aliolewa na Bwana William King, ambaye mwaka 1838 alipewa cheo cha Earl wa Lovelace. Ndipo alipopata jina tunalomjua nalo. Walizaa watoto watatu. Katika shughuli za nyumba na maradhi ya mara kwa mara, Ada hakuacha masomo yake.

Wakati huo Babbage alikuwa amebuni mashini nyingine kubwa zaidi. Ilikuwa na sehemu mbili ambazo mtu wa kwetu atazifahamu upesi: kinu na ghala. Ghala liliweka namba, na kinu kilizisaga kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa. Amri zilitolewa kwa kadi zilizotobolewa matundu. Fikira hiyo ya kadi Babbage aliipata kwa Bwana Jacquard wa Ufaransa, ambaye mashini zake za kufuma hariri ziliongozwa na kadi za namna hiyo. Wazee wetu waliofanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile pale Jinja walijua vema kwamba ua la kitambaa halijitokezei. Kila uzi una amri yake.

Mwaka 1840 Babbage alikwenda Turin kuieleza mashini hiyo. Mhandisi mmoja wa jeshi, Luigi Menabrea, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Italia, aliandika maelezo yake kwa Kifaransa, yakachapwa Geneva mwaka 1842. Ada aliyatafsiri kwa Kiingereza. Kisha akaongeza maelezo yake mwenyewe, saba kwa hesabu, aliyoyapa herufi toka A hadi G. Maelezo hayo yalikuwa marefu karibu mara tatu kuliko makala yenyewe. Yalichapwa mwaka 1843, chini yake pameandikwa herufi tatu tu: A.A.L.

Humo ndimo lilimo jambo ninalotaka mlifahamu.

Kwetu Bugisu twajua kuchuma kahawa. Mtu akimfundisha mtoto kuchuma, hamwambii achume tunda hili, halafu lile, halafu lile jingine, mpaka atimize elfu mbili. Maneno hayo yangemaliza mchana kutwa. Humwambia hivi: tazama tawi, ukiona tunda jekundu, lichume ulitie kikapuni, tazama tena, matunda mekundu yakiisha, nenda kwenye mti unaofuata, miti ikiisha, nenda kwenye mstari unaofuata. Maneno ni machache, kazi ni ya shamba zima. Huo ndio mzunguko, ambao wengine huuita kitanzi. Tena ni mzunguko ndani ya mzunguko: matunda ndani ya mti, miti ndani ya mstari.

Ada alieleza jambo hilo kwa mashini ya Babbage. Katika mashini hiyo kadi zingeweza kurudishwa nyuma zisomwe tena, mara nyingi kama ilivyotakiwa. Alitaja picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri, ambayo ilihitaji kadi 24,000. Kisha akaonyesha hesabu moja ya hatua 330, ambayo kwa kurudisha kadi ingehitaji kadi 3 tu za kuamuru kazi. Akaeleza pia mzunguko ulio ndani ya mzunguko.

Katika maelezo ya G alitoa mfano mkubwa. Alichagua namba za Bernoulli, ambazo ni ngumu kwa sababu kila moja hupatikana kwa kutumia zile zilizoitangulia. Aliandika jedwali la hatua 25. Hatua za 13 hadi 23 hurudiwa, na kila zirudiwapo huchukua namba nyingine iliyokwisha kupatikana. Na hatua ya 25, ya mwisho kabisa, ni ndogo mno: huongeza moja tu, ili mashini ijue kwamba sasa yatafutwa namba inayofuata.

Hatua hiyo ya kuongeza moja ndiyo ninayowaonyesha vijana wangu. Sheli yetu ndogo haina njia za mkato, lakini ina mambo matatu ambayo kila mzunguko wa kuhesabu huyahitaji: mahali pa kuanzia, sharti la kukoma, na kuongeza moja. Tukitaka mara saba toka 1 hadi 12, twaandika hivi:

i=1
while test $i -le 12
do
echo $((i * 7))
i=$((i + 1))
done

Mstari wa kwanza waweka 1 ghalani. Wa pili wauliza kama namba hiyo bado haijapita 12. Wa nne waandika jibu. Wa tano waongeza moja, na wa mwisho warudisha kazi juu. Ukiusahau ule wa tano, kompyuta itaandika 7 bila kukoma mpaka uikatize, kama mtu achotaye maji kwa ndoo iliyotoboka. Aliyezoea sheli kubwa inayohesabu yenyewe huenda asijue kamwe kwamba kuna hatua hiyo. Aliye na sheli ndogo hana budi kuijua.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo zito zaidi. Mashini aliyoiandikia Ada haikujengwa. Hakuona hata mara moja hatua zake zikifanya kazi. Katika jedwali lililochapwa, hatua ya 4 ina kosa: namba mbili za kugawanya zimebadilishana mahali. Mtu akizifuata hatua zile katika kompyuta ya leo kama zilivyochapwa, majibu hutoka mabaya mpaka airekebishe hatua hiyo. Ada alikuwa na akili kali. Babbage mwenyewe aliandika mwaka 1864 kwamba bibi huyu ndiye aliyegundua kosa kubwa alilolifanya yeye Babbage katika hesabu ile. Wako wataalamu wanaobishana ni sehemu gani za kazi zilikuwa za Ada na zipi za Babbage, kwa maana waliandikiana barua nyingi. Lakini jambo moja halina ubishi: wote wawili walikosa mashini ya kuwajibu.

Baada ya mwaka 1843 maisha ya Ada yalikuwa na taabu. Aliugua sana. Alicheza kamari ya mashindano ya farasi, akaingia madeni, hata vito vya familia vikawekwa rehani. Siyafichi hayo, kwa kuwa mtu mkubwa hupungukiwa kama sisi sote. Alifariki kwa ugonjwa wa saratani tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, umri uleule aliofia baba yake. Kwa kutaka kwake mwenyewe alizikwa Hucknall, kando ya baba ambaye hakuwahi kumjua. Babbage alifariki mwaka 1871, mashini yake ingali michoro na vipande.

Karibu miaka 100 dunia haikuwa na haja na maelezo yale. Kompyuta zilipojengwa, watu wakayasoma upya. Mwaka 1950 Bwana Alan Turing alijadili fikira ya Ada kwamba mashini haibuni jambo lake yenyewe, bali hufanya lile tu tujualo kuiamuru. Mwaka 1953 maelezo yake yalichapwa tena katika kitabu kimoja cha habari za kompyuta. Na tarehe 10 Desemba 1980, siku ya kukumbuka kuzaliwa kwake, Idara ya Ulinzi ya Marekani ilikubali kanuni za lugha mpya ya kompyuta iitwayo Ada, nazo zikapewa namba 1815, mwaka wa kuzaliwa kwake.

Basi, vijana wangu, jibu la swali lenu ndilo hili. Msiidharau ile kompyuta ndogo. Ada alifikiri mzunguko mzima kwa kalamu na karatasi, akiiandikia mashini ambayo haikuwapo. Ninyi mnayo mashini, nayo huwajibu papo hapo: mkikosea mstari wa nne, itawaonyesha kabla hamjainua vidole. Hilo ndilo Ada alilolikosa maisha yake yote. Haba na haba hujaza kibaba, na sheli yenu hujua vema kuongeza moja.

Nanyi wazee wa shule mlio Mbale, Jinja na mbali zaidi, ikiwa ofisini kwenu kuna kompyuta kuukuu iliyowekwa pembeni kwa kuwa ni dhaifu, msiitupe. Iko darasa hapa Busiu litakalojua kuitumia.

Kwaherini.